Kanga Mbili za Damu

Katika mkoba wa mwanamke anayekwenda kujifungua, awe Kigoma au Lamu, hakukosekani kanga. Ipo ya kutandika, ipo ya kujifunga, ipo ya kumpokelea mtoto, na zipo zile kuukuu, zilizokwisha kulainika kwa kufuliwa, ambazo kazi yake ni kupokea damu. Zikishatumika, shangazi au mama mkwe huzikunja upesi, huzitia kwenye beseni na kuondoka nazo kwenda kuzifua kabla mwanamume yeyote hajazitupia jicho. Damu ya uzazi tumeifanya kuwa siri ya wanawake, na kwa kuwa ni siri, haina mizani. Utasikia ilikuwa "ya kawaida", au "ilizidi kidogo", au, mambo yakiwa yamekwisha haribika, "ilimtoka nyingi mno".

Miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti waliokuwa mkoani Kigoma waliitazama kanga hiyohiyo kwa jicho jingine. Vijijini huko wanawake wengi walikuwa wakijifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi, mbali na hospitali na mbali na chombo chochote chenye namba. Lakini kanga ilikuwepo kila nyumba. Zikaandaliwa kanga za ukubwa mmoja, wakunga wakafundishwa jambo moja: kanga ya pili ikilowa, damu iliyotoka imefika nusu lita. Hapo hakuna tena kungoja. Mama apewe vidonge vya misoprostol, dawa inayoufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Wanawake waliolazimika kukimbizwa hospitali kutoka eneo la wakunga hao walikuwa wachache mno, wakilinganishwa na wale wa eneo ambako vidonge havikutolewa.

Zipo tafiti kubwa kuliko huo, na nitazitaja. Lakini huu wa Kigoma ndio unaonirudia kichwani. Kipimo kilikuwa kimelala kabatini mwetu miaka yote, kimekunjwa vizuri, kina maua na maneno ya mafumbo pembeni, na bado wanawake walikuwa wakifa kwa sababu hakuna aliyejua ni wakati gani wa kusema: sasa imezidi.

Nusu lita haikuokotwa tu. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi. Mwanamke akibeba mimba, mwili wake huanza kuweka akiba mapema, na kufikia miezi ya mwisho damu yake imeongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Sehemu kubwa ya damu hiyo huelekea kwenye mfuko wa uzazi: mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita hupita huko kila dakika. Kwa hesabu hiyo, haipiti hata robo saa kabla damu inayolingana na ile yote aliyonayo mama haijapita mahali hapo. Kisha mtoto anatoka, kondo la nyuma linabanduka, na pale lilipokuwa limeshika panabaki mishipa iliyo wazi.

Mahali pengine mwilini, jeraha hufungwa kwa damu kuganda. Hapa kuganda peke yake hakutoshi, maana mkondo ni mkubwa mno. Kinachookoa ni msuli. Nyuzi za msuli wa mfuko wa uzazi zimesukwa zikipishana kama ukindu kwenye mkeka, na mishipa ya damu inapita katikati ya msuko huo. Mfuko ukijikaza, kila uzi unaubana mshipa uliopita karibu yake, na damu inakatika. Ndiyo maana mkunga, mtoto akishatoka, huweka kiganja chini ya kitovu cha mama. Akikuta pagumu, pa mviringo, hushusha pumzi. Akikuta pamelegea, panabonyea, mkono wake huanza kusugua palepale kabla hajasema neno. Takriban mara saba katika kila kumi ambapo mama anatokwa damu kupita kiasi baada ya kujifungua, chanzo ni huo ulegevu, nao unaweza kuletwa na uchungu uliovuta muda mrefu, mapacha, mtoto mkubwa, uzazi wa mara nyingi, hata kibofu kilichojaa mkojo tu. Mara zilizobaki, sababu huwa ni vipande vya kondo vilivyosalia ndani, au michaniko, au damu yenyewe kukataa kuganda.

Jambo la kutisha zaidi ni jinsi mwili wa mwanamke kijana unavyoweza kuficha hasara hiyo. Damu ikipungua, moyo huongeza mwendo. Mishipa ya ngozi na ya matumbo hujifinya ili kilichobaki kiende kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe. Presha haishuki upesi; mara nyingine hubaki palepale mpaka karibu theluthi ya damu iwe imekwisha toka. Muda wote huo mama anajibu anapoulizwa, anataka kumwona mtoto, anasema anasikia baridi kidogo, anaomba maji. Viganja vyake vimeanza kupoa na paji la uso lina jasho jembamba. Halafu akiba inakwisha na kila kitu kinaporomoka kwa pamoja. Katika misiba ya namna hii ndugu husimulia maneno yaleyale: alikuwa anazungumza nasi vizuri tu, mara akazima. Wanasema kweli. Ndivyo mwili ulivyofanya kazi yake, ukapigana mpaka tone ambalo haukuweza tena.

Na damu ikimwagika nyingi, huvunja uwezo wake yenyewe wa kuganda. Zile protini zinazotengeneza bonge hutoka pamoja nayo na nyingine huishia kwenye mapambano. Kinachotoka baadaye ni chepesi, hakishikani, na hapo kila dakika ina bei yake. Kama mama aliingia leba akiwa tayari amepungukiwa, kwa malaria, kwa safura, kwa uzazi wa karibukaribu, kwa kula ugali na mboga za majani miezi tisa bila madini ya chuma ya kutosha, hiyo nusu lita kwake si sawa na nusu lita ya mwenzake. Wingi wa damu wa mjamzito, yaani himoglobini yake, ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, tayari ana upungufu. Wapo wanaoingia leba wakiwa na 7. Hao hawana akiba ya kuficha chochote.

Kwa hiyo swali la damu imetoka kiasi gani ndilo swali lenyewe. Na jicho halilijibu. Damu huchanganyika na maji ya chupa ya uzazi, huchanganyika na mkojo, hunywewa na pamba na godoro, huteleza chini ya kitanda, huingia kwenye ndoo. Imejulikana kwa miongo mingi kwamba wanaokadiria kwa macho hupunguza, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo wanavyozidi kupunguza. Sitaki mtu asome hapa lawama kwa wakunga. Mkunga mmoja aliye zamu usiku, mwenye wanawake wanne wanaosukuma kwa wakati mmoja, ana macho mawili tu. Na macho yale yameona damu kila siku ya kazi yake; yamezoea.

Historia nzima ya elimu ya damu imegeuka mara moja kubwa, na iligeuka kwa kupima. Kwa zaidi ya miaka elfu moja tabibu Galen ndiye aliyeaminiwa: ini hutengeneza damu kutokana na chakula, damu huenda mwilini, mwili huitumia ikaisha, ini likatengeneza nyingine. Kulikuwa na waliomkosoa. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu haiwezi kupenya ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya moyo. Lazima ipitie kwenye mapafu. Alikuwa sahihi, ingawa maandiko yake yalikaa karne nyingi bila kupewa uzito uliostahili. Aliyeuvunja mfumo wote ni Mwingereza William Harvey, katika kitabu chake cha mwaka 1628, na hoja yake nzito kuliko zote ilikuwa kuzidisha. Alikadiria damu inayotoka moyoni kwa pigo moja, akachukua makadirio ya chini kabisa ili asishutumiwe kutia chumvi, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa. Jibu lilizidi damu yote iliyomo mwilini, na lilizidi chakula chochote ambacho mtu angeweza kula. Basi damu haiwezi kuwa inatengenezwa na kuisha kwa mwendo huo. Ni ileile, inazunguka. Leo tunajua kwamba moyo wa mtu aliyetulia husukuma lita tano hivi kila dakika, yaani karibu damu yake yote.

Ilichukua karibu karne nne tangu hesabu hiyo ya Harvey mpaka kupima damu inayomtoka mama kukathibitishwa kwa utafiti mpana kuwa sehemu ya tiba. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukiwahusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Chombo chake kikuu ni plastiki angavu. Inatandikwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto akitoka, na upande wa miguuni ina mfuko unaoning'inia, uliochongoka chini, wenye mistari ya mililita. Damu inateremka yenyewe na kujaa mfukoni. Upo mstari wa tahadhari kwenye 300 na upo mstari wa kuchukua hatua kwenye 500. Mkunga anapita kila robo saa, anatazama, anashika mapigo, anapima presha, anagusa tumbo.

Mstari wa 500 ukivukwa, mambo matano yanafanyika kwa mkupuo, ndani ya dakika kumi na tano: kusugua mfuko wa uzazi, kuchoma dawa ya kuukaza, kutoa asidi ya traneksamiki, kuweka dripu, na kukagua kama kuna michaniko au kondo lililobaki. Hapo zamani mambo hayo yalifanywa moja baada ya jingine. Dawa hii ijaribiwe, tungoje, isipofaa tujaribu ile. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kukiua.

Katika hospitali za upande wa kulinganishia, damu ilikusanywa pia kwenye plastiki, lakini isiyo na mistari, kisha ikapimwa kwenye mizani. Kwa hiyo watafiti walijua ni nani hasa alivuka nusu lita, huku wahudumu wakiendelea kukadiria kama walivyozoea. Huko, karibu nusu ya waliovuka hawakugundulika. Palipokuwa na mistari, waligundulika 93 katika kila 100. Waliofikia hatari kubwa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, au kupasuliwa tumbo, au kufa kwa kutokwa damu, walishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Dawa hazikuwa ngeni, na mikono ilikuwa ya wakunga walewale wa Afrika. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani likaweka mwongozo mpya kwamba mhudumu asisubiri hata hiyo 500: damu ikifika 300 na mapigo au presha vimeanza kubadilika, matibabu yaanze.

Moja ya dawa hizo ina mama yake, na ningependa ajulikane kwetu. Utako Okamoto alikuwa daktari wa Kijapani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ikiwa imeungua na haina kitu, yeye na mumewe Shosuke waliamua kuchunguza damu, kwa sababu ndiyo malighafi iliyopatikana kwa urahisi. Ikikosekana, wangetumia ya kwao wenyewe. Alifanya kazi maabara akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Mwaka 1962 walitangaza dawa inayozuia bonge la damu lisiyeyuke upesi, ndiyo hiyo asidi ya traneksamiki. Tangu mwanzo alitaka ijaribiwe kwa akina mama wanaotokwa damu baada ya kujifungua. Hakuweza kuwashawishi madaktari wa uzazi wa mji wake. Dawa ikazunguka dunia, ikatumiwa kwenye upasuaji, kwenye hedhi nzito, hata kwa madaktari wa meno, huku wale aliowakusudia wakiendelea kufa. Utafiti alioutaka ulikuja kufanyika baadaye sana, kwa wanawake 20,000 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Ukaonyesha kwamba dawa hiyo ikitolewa ndani ya saa tatu, vifo vitokanavyo na kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi. Matokeo yalichapishwa Aprili 2017. Okamoto alifariki Aprili 2016, akiwa na umri wa miaka 98. Nikifikiria miaka hamsini na tano iliyopita kati ya dawa na ushahidi huo, sioni kilichokosekana isipokuwa mtu mwenye madaraka wa kuona kwamba swali lenyewe lina thamani.

Tusijidanganye kwamba plastiki inamaliza kazi. Oksitosini, dawa ya kwanza ya kuukaza mfuko wa uzazi, inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na zahanati ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara huweza kumchoma mama kitu kilichokwisha poteza nguvu. Barabara ya rufaa nayo ina mashimo yake. Na kuna mahali ambapo msuli, dawa na mikono vyote vimeshindwa, na kilichobaki ni kurudisha damu kwa damu.

Hata huko, mama ndiye aliyeanzisha safari. James Blundell, daktari wa uzazi jijini London, aliyekuwa amemwona mwanamke akimfia kwa kuvuja damu, ndiye aliyemtia mtu damu ya mtu mwenzake mwaka 1818, na miaka iliyofuata akaendelea kujaribu kwa akina mama waliotoka kujifungua. Wengine walipona, wengine walikufa, na hakuna aliyeelewa kwa nini mpaka Karl Landsteiner alipogundua makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901.

Chupa moja ya damu, kama tunavyoiita hospitalini ingawa siku hizi ni mfuko, hubeba mililita 450 hivi. Ni karibu kiasi kilekile cha kanga mbili. Mtu mzima mwenye afya anakitoa akiwa amelala kitandani, anakunywa soda, anarudi kazini siku hiyohiyo, kwa sababu wingi wa damu yake umepimwa kwanza, na kwa sababu yupo mtu anayetazama mfuko unavyojaa na kufunga mrija kwa wakati.

Vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka sana: kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za kitaifa za 2015/16 hadi 104 katika zile za 2022. Ni kazi kubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani kwa majina yao yote. Lakini katika hao wanaobaki, kuvuja damu kungali miongoni mwa sababu za mbele. Na bado ni kawaida kuona, nje ya wodi ya wazazi, mume na wadogo zake wakipigiana simu usiku kutafuta mtu wa kundi O aje achangie, huku aliye ndani anahesabiwa dakika. Damu inayotafutwa saa hiyo imechelewa. Inatakiwa kupimwa kundi, kupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha ndipo iende kwa mgonjwa. Inayookoa ni ile iliyokwisha kuwa ndani ya jokofu, iliyotolewa wiki mbili kabla na mtu ambaye hakumjua huyo mama.

Basi nina maombi kwa msomaji. Ukiwa ndiye uliyemsindikiza mzazi, usikimbilie kufua. Mwonyeshe muuguzi zile kanga kwanza, umwambie ni ngapi zimelowa na tangu saa ngapi, na usione haya kurudia. Mzazi akianza kuwa baridi, akitoka jasho, moyo ukimwenda mbio, piga kelele hata kama anasema hajambo. Mjamzito anywe vidonge vyake vya kuongeza damu, na ajue namba yake ya wingi wa damu kabla ya mwezi wa tisa.

Na kama una umri kati ya miaka 18 na 65, una kilo 50 au zaidi, na u mzima, nenda ukachangie damu kabla ya kuombwa na ndugu. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una vituo vyake vya kanda, na hospitali za mikoa hupokea wachangiaji. Kutoa ni dakika chache. Hakuna kiwanda cha damu popote duniani.